Mpira Ulikuwa Mkononi mwa Muuguzi

Ile kanda ya upasuaji wa kutoa uvimbe kwenye kizazi iliyozunguka kwenye simu zetu watu wa thieta wa Kanda ya Ziwa mmeiona, wengine mmeirudia mara mbili, kwa hiyo sitaisimulia yote. Nasema mapema: mama yule alipoteza damu ambayo hakupaswa kuipoteza, na haikumwagika kwa sababu uvimbe ulikuwa mkubwa au siku ilikuwa mbaya. Ilimwagika kwa uamuzi uliochukua muda mfupi kuliko kuvaa glovu. Hospitali siitaji, daktari simtaji. Wanaojua wanajua.

Yaliyokwenda vizuri ni haya: usingizi ulikuwa tulivu, mkato wa tumbo ulikuwa wa wima kama inavyotakiwa kwa kizazi cha ukubwa ule, na ushonaji wa tabaka za mwisho ulikuwa wa mtu mwenye mkono mzuri. Basi.

Sasa turudi pale kizazi kinapotolewa nje ya tumbo. Kina ukubwa wa mimba ya wiki ishirini, labda na zaidi, kimejaa vinundu kama kiroba cha viazi vitamu. Angalieni shingo ya kizazi. Iko wazi, nyembamba, hakuna uvimbe ulioshuka huko wala uliojipenyeza kwenye ukano mpana. Pembeni kuna sehemu angavu isiyo na mishipa, mwanga wa taa unapita. Mtu akitafuta picha ya kufundishia mahali pa kupitisha mpira wa kubana, hawezi kupata iliyo bora kuliko hiyo. Na upande wa kulia wa picha kuna mikono ya muuguzi, uso wake hauonekani, ameshika mpira wa mkojo, ule wa Foley wa kawaida, ameukunja na kuushikiza kwenye fosepsi. Hajaambiwa. Anajua kinachofuata, ameshaandaa.

Daktari anasema, "Bado kwanza." Anamwomba mtu wa usingizi aongeze oksitosini kwenye dripu, anapokea kisu, anakata. Mkono wa muuguzi unarudi mezani na mpira wake.

Hapo ndipo mchezo ulipoisha. Yaliyofuata, ile mashine ya kunyonya iliyolia bila kupumzika, zile mopu zilizojaa, ile sauti ya mtu wa usingizi akiuliza damu imeletwa au la, yote yalikuwa matunda ya maneno mawili. Tena sikilizeni vizuri: hakusema "haiwezekani", hakusema "hapa hapafai". Alisema bado. Maana yake alikuwa na nia ya kuutumia baadaye akiona damu inazidi. Huo ndio ugonjwa ninaoupigia kelele tangu ningali kijana: kuchukulia mpira wa kubana kama zimamoto. Mpira si zimamoto. Ni msingi, unatangulia ukuta.

Tuambiane tena, ingawa mnajua. Kizazi kinalishwa na njia mbili kila upande. Ateri ya kizazi inatoka kwenye mshipa wa nyonga na kuingia pembeni mwa shingo. Ateri ya ovari inashuka kutoka kwenye aorta yenyewe, ikipita ndani ya ukano unaoning'iniza ovari, na kukutana na mwenzake juu kwenye bega la kizazi. Uvimbe wenyewe ndani hautoi damu ya kutisha. Damu iko kwenye ganda lake, ule msuli uliobanwa ukauzunguka, ambako mishipa imetanuka kwa miaka. Ukishauchomoa uvimbe linabaki shimo lenye midomo ya mishipa iliyo wazi, na kila uvimbe unaouongeza ni shimo jingine. Ukifunga njia kabla ya kukata, unafanya kazi kwenye msuli mweupe unaoonekana. Usipofunga, unashona kwa kupapasa.

Na kwa nini si baadaye? Kwa sababu baadaye hakuna tena sehemu angavu. Angalieni dakika zile anapogeuka kuuomba mpira: uvimbe wa kwanza umeshatoka, wa pili umening'inia nusu, kizazi kinateleza, nyonga imejaa damu, na yeye anatafuta kwa vidole tundu ambalo mwanzo lilikuwa linamwita kwa mwanga. Mrija wa figo unapita chini ya ateri ya kizazi, kama sentimita mbili tu kutoka shingoni. Kutoboa ukano mpana gizani, karibu na mrija huo, ni hatari ya aina nyingine kabisa ambayo hakuwa nayo mwanzoni. Alijitengenezea. Nilimwona anasita, na kusita huko nilikuheshimu, kwa sababu angeweza kuutoboa mrija. Akaacha, akaendelea bila mpira. Kusita kule kungefaa kuja kabla ya kisu.

Sasa hiyo oksitosini. Wazee wenzangu wataniambia nimeanza tena, na kweli nimeanza tena. Sijui ni nani aliyetuloga watu wa Tanzania tukaamini kwamba chupa ileile inayomwokoa mzazi aliyejifungua ni dawa ya kila kizazi kinachotoa damu. Msuli wa kizazi unaisikia oksitosini kwa sababu una vipokezi, na vipokezi hivyo huongezeka ujauzito unavyokua mpaka vikawa tele siku za kujifungua. Kizazi cha mwanamke asiye na mimba kina vichache. Unakipigia kelele kiziwi. Zaidi ya hapo, msuli uliotenganishwa na vinundu kumi hauwezi kujikunja pamoja hata ukitaka. Eugene Kongnyuy na Charles Wiysonge, Wakameruni wawili waliokusanya majaribio yote ya jambo hili kwenye mapitio ya Cochrane na kuyahuisha mwaka 2014, hawakupata ushahidi kwamba oksitosini inapunguza damu katika upasuaji huu. Misoprostoli waliona inapunguza. Vasopresini inapunguza. Adrenalini iliyochanganywa na bupivakaini, asidi ya traneksami, mpira wa kubana shingoni, vyote vimo kwenye orodha ya vinavyosaidia, ushahidi wa vingine ukiwa hafifu kuliko wa vingine. Iliyopendwa kuliko zote kwenye thieta zetu ndiyo haimo.

Halafu angalieni alichokuwa nacho na hakukitumia. Misoprostoli ipo mpaka kwenye zahanati, kwa ajili ya akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Vidonge viwili vya maikrogramu 200 ukeni saa moja kabla ya upasuaji, ndivyo ilivyojaribiwa, na wala havihitaji daktari bingwa kuviweka. Asidi ya traneksami tunaifahamu sisi wenyewe: Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 21 zilizoshiriki jaribio la WOMAN, lililowahusisha wanawake 20,060 waliovuja damu baada ya kujifungua, na matokeo yake yakatoka mwaka 2017. Gramu moja taratibu kwenye mshipa kabla ya mkato. Sijasikia kwenye kanda yote mtu akiitaja. Vasopresini namsamehe. Wengi wetu hatujawahi kuishika, na aliyeishika ajue kwamba ikiingia kwenye mshipa kwa bahati mbaya moyo unaweza kusimama. Uniti 20 kwenye mililita 100, vuta sindano kwanza uone kama kuna damu, na mwambie mtu wa usingizi kabla hujasukuma, siyo baada.

Lakini hata dawa hizo zote ni wasaidizi. Mwenye nyumba ni mpira.

Mwaka 2005 kundi la madaktari wa London, Alexander Taylor na Adam Magos wakiwemo, lilichapisha jaribio ambalo ningependa libandikwe kwenye mlango wa kila thieta ya mkoa. Walikuwa na wanawake 28 tu, wenye vizazi vikubwa. Nusu walifungwa sehemu tatu: uzi mmoja mnene kuzunguka shingo ya kizazi kubana ateri za kizazi, na mipira miwili, mmoja kila upande, kubana mishipa ya ovari. Nusu nyingine hawakufungwa. Tofauti ya wastani wa damu iliyopotea ilikuwa mililita 1,870. Karibu lita mbili! Walioongezewa damu walikuwa asilimia 79 upande wa wasiofungwa, na asilimia 7 upande wa waliofungwa. Jaribio ni dogo, nakubali, na wapenda takwimu watanikumbusha. Ila tofauti ya namna hiyo haihitaji darubini.

Na hao walikuwa London, ambako damu iko kwenye friji ya jengo hilohilo. Mimi kipimo changu ni Lalago. Nikiangalia upasuaji wowote wa kizazi najiuliza: mgonjwa huyu angekuwa mwanamke wa Lalago, ingekuwaje? Huyo anatoka kijijini wilayani Maswa, anapitia Maswa mjini, pengine anasukumwa mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa Bariadi, au anashika njia ya Kolandoto kwenda Shinyanga. Damu ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama kituo chake cha kanda kiko Mwanza. Ikipungua, na inapungua, wanaitwa ndugu. Kaka anaacha pamba shambani, shemeji anakuja na baiskeli, wawili wanakutwa na upungufu wa damu wao wenyewe, mmoja kundi lake halioani. Mgonjwa mwenyewe amekuwa akivuja kila mwezi kwa miaka, ana kichocho au malaria juu yake, na hii ndiyo kanda ambayo selimundu imejaa kuliko kanda nyingine za nchi. Anaingia thieta akiwa na HB ambayo mwenzake wa London angerudishwa nyumbani nayo. Kwa mwanamke huyo lita mbili si tofauti ya wastani.

Ndiyo maana jibu la daktari wetu kwenye ukaguzi wa kabla ya usingizi lilinichoma. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ile ya mwaka 2008 tunayoitiki siku hizi kwa kasi ya karani wa mnada, inauliza kama kuna hatari ya kupoteza damu zaidi ya mililita 500. Akajibu: ipo, na damu uniti mbili zimeandaliwa. Tiki. Hakuna aliyeuliza umejipangaje isimwagike. Tumegeuza swali la kuzuia damu likawa swali la kuagiza damu. Mkulima akiulizwa amejikingaje na ndege shambani hajibu kwamba ana mbegu nyingine nyumbani.

Kuna watakaomtetea, na nimeshapigiwa simu. Wanasema mpira unakinyima kizazi damu, kitaoza. Unazinyima ovari, mwanamke atakoma hedhi mapema. Hofu hiyo ingekuwa na uzito kama tungekuwa tunafunga na kwenda kunywa chai. Wapo wanaoulegeza kila baada ya nusu saa au chini ya hapo, wapo wasioulegeza mpaka wamalize, na ule uzi wa London ulikuwa wa kuyeyuka wenyewe. Vizazi havikuoza. Hofu hiyo nimeisikia zaidi kwa watu ambao hawajawahi kuufunga.

Utetezi wa pili una haki yake: uvimbe ukiwa umeshuka shingoni, au umejaza ukano mpana, hakuna mahali pa kupitisha mpira, na ukilazimisha utaumiza mrija wa figo. Sawa. Hapo unachoma adrenalini iliyopunguzwa nguvu au vasopresini, unamtoa kwanza yule mkubwa anayeziba njia, kisha unafunga. Ila rudini kwenye picha. Shingo ilikuwa wazi.

Wanaoniudhi zaidi ni wanaosema mambo haya ya mipira ni ya kizamani, ya enzi za madaktari wasaidizi. Ni kweli ni ya enzi zao, na hilo ndilo ninalojivunia. Nchi hii ilianza kuwafundisha madaktari wasaidizi mwaka 1963, na kwa miongo mingi ndio waliobeba visu vya wilaya. Utafiti wa Mwanza na Kigoma uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha upasuaji wao wa dharura wa uzazi na wa madaktari wenye digrii, ukakuta hakuna tofauti ya maana. Nilifundishwa na mmoja wao, wakati Maswa bado iko mkoa wa Shinyanga. Hakuwa na mashine ya kuchoma mishipa inayofanya kazi wiki mbili mfululizo. Alikuwa na mpira wa mkojo, uzi, na tabia ya kutoanza mpaka ajue damu itapitia wapi. Sikumbuki akikimbilia simu ya maabara katikati ya kazi.

Na kabla yake kuna Victor Bonney wa hospitali ya Middlesex, London, mzee wetu sote katika kazi hii, hata wasiojua jina lake. Mke wake alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, hawakupata mtoto. Bonney akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuthibitisha kwamba uvimbe unaweza kutoka na kizazi kikabaki. Akatengeneza koleo lake la kubana ateri za kizazi pamoja na kano za pembeni, na fosepsi za duara kwa ajili ya mishipa ya ovari. Mara moja alitoa vinundu 225 kwenye kizazi kimoja. Alikuwa akifanya hayo miaka ya 1920 na 1930, kabla ya benki za damu tunazozijua leo, na vifo vyake vilikuwa karibu kimoja kwa kila mia. Fikirieni hilo. Mtu asiye na benki ya damu alikuwa hana anasa ya kusema bado kwanza. Koleo liliingia, ndipo kisu kikafuata. Tena alipendelea mkato mmoja wa mbele, akiufikia uvimbe mwingine kwa kupenya kutoka kwenye shimo la kwanza, badala ya kukipasua kizazi kila mahali.

Hilo linanikumbusha kosa la pili, dogo, ambalo lisingekuwa kosa kama lile la kwanza lisingetokea. Daktari wetu aliacha mashimo matatu wazi kwa wakati mmoja akifukuzia uvimbe wa nne. Chini ya mpira, unaweza kumwelewa. Bila mpira, kila shimo lifungwe kabla ya kufungua jingine, tabaka la chini kwanza, bila kuacha pango.

Na kuna jambo la kilo. Kila kambi ya upasuaji sasa lazima uvimbe upimwe kwenye mizani na kilo zitangazwe, na kanda hii nayo ikaisha kwa beseni na uzito. Sina ugomvi na kambi. Madaktari bingwa wanaozungushwa kwenye halmashauri tangu 2024 kwa jina la Dkt. Samia wamefikisha huduma mahali ambapo bingwa hakuwahi kulala, na wagonjwa wa mkoa wa Simiyu wamejipanga foleni kwa haki. Ila bingwa anaondoka baada ya siku chache na anayebaki kwenye thieta ya wilaya anaiga alichokiona. Akiona kilo, ataiga kilo. Mbona hakuna aliyeigeuza kamera kwenye chupa ya mashine ya kunyonya? Mbona hatukutajiwa idadi ya mopu na uzito wake? Tumeambiwa mama anaendelea vizuri na kizazi kimebaki, na ninafurahi kwa dhati, maana kwetu usukumani mwanamke asiyezaa anajua jinsi maneno ya ng'ombe waliotolewa yanavyorudi mlangoni. Lakini kizazi kiliponea chupuchupu. Kuna sehemu, mmeiona, daktari na msaidizi wake wanatazamana kimya, na kila mmoja wetu anajua walikuwa wanafikiria kukitoa. Mwanamke aliyeingia ili kizazi kibaki angetoka bila kizazi, na kwenye faili pangeandikwa kwamba damu ilishindikana.

Nimeulizwa nini kifanyike, kama vile mpira wa mkojo unahitaji warsha. Upo wodini. Bei yake haifiki hata robo ya gharama ya kumsafirisha ndugu mmoja aje kuchangia damu. Ninachotaka kibadilike ni amri ya nani aanze. Kwenye thieta niliyofundishiwa visu vilikuwa viwili: cha ngozi, ambacho daktari alipewa akikiomba, na cha kizazi, ambacho muuguzi alikaa nacho upande wake wa meza. Hicho cha pili hakikuvuka mpaka yeye mwenyewe aone mpira umepita pande zote mbili na fosepsi imebana. Mara moja alikuja daktari mgeni mwenye haraka, akanyoosha mkono akiomba kisu. Sista akamwonyesha mpira. Mgeni akamgeukia mganga mkuu, naye bila kuinua macho akamwambia, "Msikilize Sista, daktari."